Malagarasi, Kigoma au Tabora: wapi pa kupiga picha za reli ya zamani

Mdogo wangu anafundisha Dodoma. Mwezi uliopita amenunua kamera ya mtumba, na hata kabla hajazoea vitufe vyake alinipigia simu. "Kaka, shikamoo. Nina likizo ya siku tano. Nataka picha ya treni ikiwa juu ya daraja refu, chini bonde, nyuma milima. Huko kwenu nishukie wapi?"

Nilimjibu vipande vipande mpaka salio likakata. Jibu zima naliandika hapa, kwa sababu si yeye wa kwanza kuniuliza. Mimi nimezaliwa Tabora, kwenye nyumba za reli, baba yangu akifanya kazi ya njia: kubadilisha mataruma, yale yanayolazwa chini ya reli kuishikilia, kukaza boliti, kusukuma kokoto chini ya chuma. Sasa nina miaka kumi na miwili Kigoma, mtaa wa Mwanga. Pande zote mbili ni kwetu.

Daraja refu la milimani

Nianze na hili, lisije likakugharimu nauli bure. Reli ya Kati haina daraja la namna hiyo huku magharibi. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma mapema mwaka 1914. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Tanganyika liko kama mita 770. Tofauti hiyo ya mita mia nne na ushee imetandazwa kwenye njia ya kilomita mia nne na ushee pia. Kwa wastani ni mita moja kwa kila kilomita. Abiria hahisi kama anashuka. Waliopima njia hii walifuata ardhi inavyotaka, hawakushindana nayo, ndiyo maana huoni nguzo ndefu zilizosimama bondeni.

Hilo daraja unaloliota liko kwenye reli nyingine. Ni TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kwenye kipande cha milima kati ya Mlimba na Makambako, ambako reli inaingia na kutoka kwenye mahandaki na kuruka makorongo. Daraja la Mto Mpanga limekaa juu ya nguzo tatu za takriban mita 50 kila moja. Lilijengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Wachina, na mpaka leo ukilipita dirishani tumbo linavuta pumzi.

Lakini kutoka kwetu huko ni mbali, na si kwa kilomita tu. Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000, TAZARA ina 1,067. Ni tofauti ya vidole vitatu vinne, ila inatosha kuzuia behewa la huku lisitembee kule. Itabidi uchukue basi mpaka Mbeya, ndipo utafute treni. Na ukishapanda, picha yako itategemea saa ambayo treni itapita Mpanga. Ikipita usiku, utarudi na giza. Kulifikia daraja lenyewe kwa miguu ni safari ya porini inayohitaji mwenyeji na siku za akiba. Mwenye wiki mbili na hamu ya kimo, aende. Mwenye siku tano abaki na sisi, achague kati ya sehemu tatu zifuatazo.

Malagarasi: daraja la maji

Mimi naanzia hapa kila mara, na sifichi kwamba moyo wangu uko upande huu.

Mto Malagarasi unatokea karibu na mpaka wa Burundi, unazunguka kwa mkunjo mkubwa, kisha unaelekea Ziwa Tanganyika. Reli inauvuka kati ya Nguruka na Uvinza. Juu ya hapo kuna tambarare za maji, matete na mafunjo zisizo na mwisho machoni. Mwaka 2000 eneo la Malagarasi–Muyovozi liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu duniani, likawa la kwanza kwa Tanzania. Mpiga picha anapaswa kulijua hilo, maana linaamua picha atakayopata. Daraja la chuma la hapa halina kimo, liko chini, karibu na maji. Ukilipiga ukiwa umesimama wima unapata mstari mwembamba wa chuma katikati ya majani, na mtu atakuuliza hii ni picha ya nini. Chuchumaa. Shusha kamera mpaka karibu na maji, upande ambako mto umetulia, uache daraja lijirudie kwenye maji. Hapo ndipo daraja fupi linapopata kimo chake.

Kuna jambo la mwanga nililojifunza kwa kupoteza siku nzima. Mara yangu ya kwanza nilisimama upande wa kusini wa njia, ukingo ulikuwa wazi na nikaona ni pazuri. Ilikuwa Julai. Treni ikaja, jua likiwa usoni kwangu, na kila picha ikatoka na kichwa cha treni cheusi juu ya anga jeupe. Sisi tuko kusini kidogo ya ikweta, kama nyuzi tano. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita upande wa kaskazini, halafu miezi iliyobaki linapita kusini. Njia ya reli kwa ujumla inakwenda mashariki–magharibi. Kwa hiyo kiangazi simama kaskazini mwa njia, jua liwe mgongoni. Ukija Desemba, geuza.

Treni utaisikia kabla ya kuiona. Kwanza honi ya mbali, kisha kimya kinarudi, unadhani imepita pengine, kisha unasikia ngurumo za chuma kwenye daraja. Ikishafika, huna dakika mbili. Amua mapema unataka nini: ikiwa ni treni nzima na mto, lenzi pana, ikiwa ni nyuso za watu madirishani, lenzi ndefu. Ukibadilisha lenzi wakati behewa la kwanza liko darajani umekwisha. Na hapo katikati, mikono ya abiria inakupungia. Weka kamera chini sekunde moja, uwapungie na wewe.

Ubaya wa Malagarasi ni kusubiri. Treni za abiria hazipiti kila siku, na ile uliyoambiwa ya asubuhi yaweza kufika alasiri. Treni ya mizigo inapita bila kuaga. Unahitaji siku mbili kamili ili uwe na uhakika wa treni moja kwenye mwanga mzuri. Malazi ni ya kawaida, mengi utayapata Uvinza au Nguruka. Mtoni kuna mamba na viboko, kwa hiyo kuchuchumaa nilikokutaja kuwe mahali ambapo wavuvi wa hapo wamekuonyesha, si popote penye mandhari. Barabara kati ya Uvinza na Malagarasi muulize dereva aliyepita wiki hiyo, hasa wakati wa mvua.

Uvinza yenyewe usiipite hivi hivi. Chumvi imechemshwa pale tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, kutoka chemchemi za maji ya chumvi, muda mrefu kabla ya taruma la kwanza.

Na kuna sababu ya kuharakisha. Desemba 2022 ulisainiwa mkataba wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, njia kuu ya kilomita 411. Hiyo nayo itavuka mto. Mimi naifurahia; mama mwenye mtoto mgonjwa hapaswi kukaa njiani siku mbili. Ila daraja la zamani likiwa peke yake juu ya maji, bila jirani wa zege, ni picha yenye muda wake.

Kigoma: mwisho wa chuma

Kigoma haina haja ya kukuvumilisha. Stesheni ipo mjini, mwisho wa Barabara ya Lumumba, na treni isipokuja leo bado unayo kazi ya kufanya. Jengo lile la Wajerumani ni kubwa kuliko mji uliokuwepo walipolijenga. Walitaka anayetoka ziwani au anayeshuka kwenye treni aone dola. Ukisimama juu kidogo ya barabara ukatazama chini, unalipata jengo, bodaboda, wauza matunda na nyuma yake bluu ya ziwa. Hizo tabaka nne hazipatikani Malagarasi wala Tabora.

Kinachonifanya niirudie stesheni hii ni meli. Mwaka 1913 Wajerumani walitengeneza meli mjini Papenburg, wakaifungua vipande vipande, wakaipakia kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa kwenye reli hadi hapa. Iliunganishwa Kigoma na kushushwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Julai 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji walipokaribia, wenyewe wakaizamisha wakiwa wameipaka mashine zake grisi nzito. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Meli ya karne nzima ilipita juu ya mataruma haya haya ikiwa ndani ya masanduku. Ndiyo maana picha ya reli ya Kigoma isiyo na ziwa ndani yake mimi naiona imekatwa mguu.

Milima nayo ipo, maana Kigoma imekaa kwenye vilima vinavyoporomoka hadi ziwani. Mchana panda mtaa wowote wa juu, omba ruhusa ya kusimama uani kwa watu, utaona reli inavyojikunja kuelekea bandarini. Hakuna aliyewahi kuninyima. Wengi huleta na kigoda. Jua la hapa linachomoza na kuzama kama dakika 40 baada ya la Dar es Salaam, kwa hiyo machweo ni karibu saa moja jioni, nyuma ya milima ya Kongo. Hiyo inampa mgeni jioni ndefu asiyoitegemea. Msafiri kutoka Pwani anayefunga kamera saa kumi na mbili na nusu anajinyima dakika bora za siku.

Kasoro ya Kigoma ni kwamba bandari na reli ziko pamoja, na bandari ni eneo la ulinzi. Kuna pembe nzuri sana ambazo hutaruhusiwa, basi. Daraja la kukumbukwa halipo. Lakini mgebuka, samaki wa ziwa letu, wa kuchoma upo, mawese yapo, na Ujiji, ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, ni safari fupi ya daladala.

Tabora: watu na makutano

Hapa nasema kama mtoto wa nyumbani, kwa hiyo nitajizuia. Tabora haina mlima wala ziwa wala daraja la kusifia. Ardhi ni sawa kama meza na miombo imejaa pande zote. Anayetafuta mandhari asishuke.

Anayetafuta reli inavyofanya kazi ashuke hapa tu. Ni makutano: njia ya Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1928, inaanzia hapa, ya Kigoma inaendelea magharibi, na ya Mpanda inachepuka mbele, Kaliua. Treni kutoka Dar es Salaam ikifika, mabehewa hukatwa na kuungwa upya kulingana na yanakokwenda. Jioni hiyo ya kuunga mabehewa ni tamasha: taa za mkononi zinazungushwa gizani, vyuma vinagongana, mama anamwita mtoto aliyepanda behewa la Mwanza badala ya la Kigoma, asali inauzwa dirishani kwenye chupa za maji. Picha zangu tano ninazozipenda kuliko zote zimepigwa kwenye jukwaa hilo, na katika nne kati yake treni haionekani hata kidogo.

Kwa mpenda historia kuna kitu cha pekee. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezibwa na vita na fedha zimewaishia, walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 kwenye karakana ya reli ya Tabora, zenye picha ya tembo na mlima nyuma yake. Septemba 19 mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia mjini. Hoteli ya Orion, ambayo zamani ilikuwa hoteli ya reli, bado inalaza wageni. Kwihara, kwenye tembe alikokaa Livingstone, si mbali.

Kwa gharama Tabora ndiyo nafuu kwa anayetoka Dodoma: siku mbili zinatosha, gesti ni nyingi, na wazee waliostaafu reli wako tele. Hao wazee ni hazina kuliko majengo. Nilimpeleka rafiki kwa mmoja wao, jirani wa zamani wa baba.

"Wangaluka, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, wanangu. Mmekuja kupiga picha ya chuma? Chuma hakisemi. Kaeni."

Tulikaa mpaka saa tatu usiku. Alitueleza jinsi ya kusikia taruma bovu kwa unyayo. Picha ya mikono yake imebaki kuwa picha bora ya reli aliyowahi kupiga rafiki yangu.

Ruhusa, kabla ya lenzi

Sehemu zote tatu, stesheni na daraja ni mali inayolindwa. Nenda kwa stesheni masta kwanza, umsalimie, umweleze wewe ni nani na picha ni za nini, umwachie namba yako. Tabora wamezoea wageni. Kigoma wanauliza maswali zaidi kwa sababu ya bandari na mpaka. Malagarasi stesheni ni ndogo, na usipojitambulisha habari zako zitafika kijijini kabla yako, wewe ukiwa mtu asiyejulikana anayezunguka darajani. Mwone pia mwenyekiti wa kijiji. Kamera ikiwa kubwa na ya kibiashara, omba kwa barua Shirika la Reli mapema.

Usitembee juu ya daraja. Hata kama wanakijiji wanavuka. Daraja la treni halina pa kukimbilia, na treni ya mizigo, nilishasema, haiagi. Baba aliwahi kuokota viatu vya mtu kwenye njia, na hakutuambia zaidi ya hapo.

Droni ni habari nyingine kabisa: inahitaji usajili na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga pamoja na ruhusa ya upande wa ulinzi. Kama huna karatasi hizo mkononi, iache nyumbani.

Mwezi gani

Mvua zetu zinaanza Novemba na kuishia Aprili. Mei na Juni ndiyo miezi yangu: hewa imeoshwa, mto bado umejaa, majani ni ya kijani, na kutoka Kigoma unaona milima ya Kongo mpaka mikunjo yake. Kuanzia Agosti watu wanachoma mapori, moshi unatanda, na ng'ambo ya ziwa inapotea kabisa. Moshi huo, ajabu yake, unaipendelea Tabora: jua la jioni linakuwa jekundu na mviringo kama sahani, na stesheni yenye watu inapendeza. Wakati wa mvua kubwa Malagarasi ni nzuri kwa macho lakini ngumu kwa miguu, na njia yenyewe huweza kusimama kama maji yamechukua tuta. Panga siku za akiba, au usipange.

Sasa, uchague

Kama una siku mbili na unapenda watu, Tabora. Kama una siku tatu, unataka jengo, maji, vilima na kitanda kizuri, na hutaki bahati ya treni ikuamulie likizo, Kigoma. Mwenye familia na watoto aje Kigoma moja kwa moja, asihangaike na kingine. Kama una siku tano na subira, na kilichokutoa nyumbani ni daraja, basi panda treni Tabora uone mabehewa yakikatwa, shuka karibu na Malagarasi, subiri siku mbili, kisha malizia Kigoma kwa treni inayofuata au kwa gari. Safari hiyo inakupa yote matatu, na saa za mchana dirishani una miombo tupu. Siti ya upande wa kulia ukielekea Kigoma ndiyo ya kaskazini, kwa hiyo kiangazi jua la mchana litakuingilia humo. Kaa kushoto, utapiga vitu vilivyoangazwa.

Mdogo wangu amechagua Malagarasi. Anafika wiki ya pili ya Juni. Nimeshaongea na mvuvi mmoja wa pale atakayemwonyesha ukingo usio na mamba, na nimemwambia aje na buti, betri mbili za ziada, na picha ya baba akiwa kwenye njia, ile ya mwaka alipostaafu, ili aishike mkononi kidogo wakati treni inavuka.